Asubuhi Kadilaki Ilipobaki Gereji

Babu yangu, Lucius Tolliver, alipachika milango ya magari kwa miaka thelathini na mmoja. Kiwandani hapa Detroit kulikuwa na watu wa injini, watu wa rangi na watu wa viti. Yeye alikuwa mtu wa milango. Mpaka leo jirani akifunga mlango wa gari lake nje, Babu aliye sebuleni anatazama mpira wa kikapu atasema, "Bawaba ya chini imelegea hiyo." Nimeshatoka mara nyingi kwenda kuhakikisha. Hajakosea hata mara moja.

Kadilaki yake, gari la kifahari, aliinunua mpya mwaka 1976, ya buluu iliyokolea, ndefu kiasi kwamba gereji ilibidi ibomolewe ukuta wa nyuma na kuongezwa. Kila mwezi wa kumi na moja, kabla malori ya jiji hayajaanza kumwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, aliiingiza ndani, akaifunika shuka, na haikutoka mpaka mvua za mwezi wa nne zioshe lami. Chumvi inakula chuma. Magari ya mtaani kwetu yana matundu chini ya milango ambayo ngumi inapita.

Bibi Odessa aliiita Kadilaki mke mwenzake.

"Mke mwenzangu kaamkaje?" alimuuliza Babu mezani wakati wa baridi. "Umemfunika miguu vizuri?"

"Amelala, usimpigie kelele," Babu alijibu, na wote wawili walicheka mpaka kahawa ikawapalia.

Naishi kwao tangu nikiwa na miaka minane, na nilidhani najua kila kitu cha nyumba ile. Nilijua kwamba figo za Bibi zilishindwa, kwamba mara tatu kwa wiki alienda kusafishwa damu kwa mashine, na kwamba Babu alimpeleka kwa gari dogo la kijivu tulilolitumia kila siku. Nilijua pia kwamba Jumanne moja ya mwezi wa pili mwaka jana, mimi nikiwa nimeshaenda shule, Bibi alienda kungoja basi kwenye kona, akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga. Alikaa hospitali wiki tatu. Hakurudi.

Msibani kila aliyeuliza ilikuwaje alipewa jibu moja. "Betri ilikufa," Babu alisema. Watu walitikisa vichwa, wakailaani baridi.

Baridi hii ndipo akatangaza kwamba Kadilaki anaitoa sadaka. Kanisa letu lina chama kinachowapeleka wagonjwa kwenye matibabu, na anayekiongoza ni Dada Verdell Pettway, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuja na fomu zake, akazunguka gari mara mbili, akapiga mluzi.

"Kaka Tolliver! Hii tukiipeleka mnadani watagombana."

"Mnadani?" Babu aliuliza. "Mimi natoa ibebe wagonjwa."

"Ibebe nani, kaka? Mzee Hobart yuko kwenye kiti cha magurudumu. Humu nitamwingiza kwa winchi? Tunaiuza, hela tunanunulia gari lenye lifti. Usiogope, atakayeichukua atailea kama yai. Haitaona tone la mvua."

"Sitaki ilelewe!" Babu alipaza sauti mpaka nikashtuka. "Nataka itoke kwenye theluji. Ifanye kazi. Iliwe na chumvi kama magari mengine."

Dada Verdell alimtazama. "Mmegombana, wewe na hili gari?"

Babu aligeukia fomu. Alichukua kalamu, akatia sahihi palipohitajika, akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

"Lori la kuibeba litakuja kesho saa nne," Dada Verdell alisema akikusanya karatasi zake. "Na Jumapili jiandae. Tunakuita mbele, kanisa zima linasimama, unapigiwa makofi hayo mpaka uombe yakome."

Nilidhani Babu atafurahi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyebanwa vidole mlangoni.

Mimi nauliza maswali. Walimu wanalalamika, Bibi alikuwa ananiita mwandishi wa habari. Kwa hiyo Dada Verdell alipoondoka niliuliza tu, kama ninavyouliza kila kitu, "Babu, siku ile Bibi alipoanguka, Kadilaki nayo ilikuwa mbovu?"

Alikaa kwenye ngazi ya gereji. 

"Ilikuwa inawaka," alisema.

Alinyooshea kidole mahali niliposimama.

"Alisimama hapo ulipo, ameshavaa koti. Akasema, 'Basi leo mke mwenzangu anisaidie.' Nikamwambia lori limepita sasa hivi, chumvi imejaa barabara nzima. Nikamwambia panda basi, nitakufuata mchana nikishapata betri."

"Akasema nini?"

"Akasema nimfungie kifungo cha juu, vidole vyake havikushika vizuri siku hizo. Nikamfungia. Akaenda."

Nilitamani swali langu lirudi mdomoni. Lakini Babu alikuwa ameshainuka. Alivuta shuka, akalitupa chini, akaniambia niingie.

Tulitoka mchana ule theluji ikianguka. Nilikuwa sijawahi kupanda Kadilaki wakati wa baridi. Kiti kilikuwa kigumu kama benchi, na pumzi yangu ilitengeneza ukungu kwenye kioo. Chumvi iligonga chini ya gari kama mtu anakaanga bisi. Tulipita kona ya kituo cha basi. Babu hakugeuka. Mimi niligeuka, nikaona aibu kwa kugeuka. Tulipofika mbele ya kliniki alikosafishwa damu Bibi, alizima injini, akatazama saa yake.

"Dakika kumi na mbili," alisema. Kisha akarudia, polepole zaidi.

Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa na njia ya kujua. Lakini nilikumbuka nilivyokuwa nikiwafokea watoto wa mtaani wakigusa kioo cha gari lile wakati wa kiangazi, jinsi nilivyofuta alama za vidole vyao kwa mkono wa sweta langu mbele ya macho yao. 

Asubuhi Kadilaki ilikuwa imesimama nje. Buluu yake haikuonekana. Ilikuwa na michirizi myeupe mpaka madirishani. Babu aliitazama akiwa na kikombe mkononi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima kumwona ametulia.

Lori lilipofika, Dada Verdell alishuka humo. Alishika kichwa.

"Nani kaifanyia hivi? Mnajua watakavyoshusha bei?"

"Mimi," Babu alisema. Akamweleza. Si kwa maneno mengi: betri ilikuwa ya gari dogo, hili lilikuwa linawaka, alimwambia mkewe apande basi. Ilikuwa mara ya pili anayasema, na sauti haikuwa imezoea.

Dereva wa lori alijifanya anakagua minyororo yake. Dada Verdell alivua glavu moja, akapitisha kidole kwenye mlango wa abiria, akakitazama.

"Hii chumvi ni kwa ajili ya nani?" aliuliza. "Ya Odessa, au yako?"

Alipangusa kidole kwenye koti lake.

"Odessa hasafiri tena, kaka. Mzee Hobart anasafiri Alhamisi."

Babu aliingia ndani. Nilidhani amekasirika, kumbe alitoka na ndoo ya maji ya moto inayofuka. Alipiga magoti kwenye barafu, mtu wa miaka sabini na nne, akaanza na milango. Nilichukua kitambaa cha pili. Alipofika kwenye magurudumu Dada Verdell aliinama na kuchungulia.

"Huko ndani umeacha chumvi," alisema.

"Naona."

"Na Jumapili tusikuite?"

"Msiniite."

Hakumwita. Jumapili alisimama na kutangaza kwamba mtu mmoja, hatamtaja, ametoa gari, na chama kitapata jingine lenye lifti. Kanisa lililipuka kwa makofi. Babu alikuwa amekalia viganja vyake. Mzee Purvis, jirani yetu wa benchi, ambaye masikio yake ni mazito na lazima apige kelele kila akisema, alimchokoza kwa kiwiko.

"Piga makofi, Tolliver! Mtu katoa gari zima, wewe umekalia mikono?"

Watu walianza kugeuka. Babu alitoa mikono chini ya mapaja, akaitazama, akapiga.