Keateka Hapandi Mgomba

Kampala kila mtu analijua neno keateka. Ni yule anayekaa kwenye nyumba isiyo yake. Anafungua madirisha hewa iingie, anafyeka majani, anafukuza wezi, na mgeni akibisha hodi anamjibu kwamba mwenyewe hayupo. Kamusi zina maneno ya heshima zaidi: mtunzaji, msimamizi, mwangalizi. Sisi hakuna aliyetuita hivyo. Baba yangu alikuwa keateka huko Kawempe, mimi ni mtoto wa keateka, na mpaka leo nikilisikia neno hilo natamani kumtukana mtu.

Zamani baba alikuwa polisi, na tulipanga chumba jirani na nyumba aliyokuja kuitunza. Wakati wa vita mwenye nyumba alikimbia na familia yake, akamwachia baba funguo. Vita vilipokwisha, nyumba nyingi za mtaa ule hazikuwa na mabati wala milango. Yake aliikuta mpaka mapazia yananing'inia. Alimkumbatia baba akalia, na sisi watoto tulikuwa tunatazama.

Serikali ilikuwa imebadilika, na baba, mtu wa kaskazini kama wale walioangushwa, akaachishwa kazi. Mwenye nyumba alihamia Mbuya, mtaa mwingine wa jiji, akatupa vyumba viwili vya nyuma.

"Mzee, wewe sasa ndiyo keateka yangu," alimwambia kwa Kiswahili, maana Kiganda hatukukijua.

Baba alifurahi. Alilitamka neno lile kama cheo, akawasimulia majirani wote.

Masharti yake tulikuja kuyajua baadaye. Keateka anaruhusiwa kupanda maharage, mahindi na viazi, vitu vya kuvunwa vikaisha. Mgomba hapandi, kahawa hapandi, mti wa aina yoyote hapandi, kwa sababu kinachodumu ardhini kinampa aliyekipanda neno la kudai ardhi. Mama hakujua, au alijifanya hajui. Alichimbia mgomba nyuma ya jiko, ukakua, ukatoa mkungu. Siku mwenye nyumba alipouona hakugombana na mtu. Alimwita baba pembeni wakanong'ona, kisha baba akachukua jembe akaung'oa mwenyewe, ndizi zikiwa bado changa. Mama alijifungia jikoni, na siku ile hakuna aliyekula.

Baba aliugua, akafa, na kwetu kaskazini wakati huo kulikuwa na vita vingine. Njiani kulikuwa na waasi. Hakuna dereva aliyekubali kubeba maiti. Mama akajifunga kitambaa kichwani, tukaenda wote Mbuya. Alipiga magoti sebuleni kwa mwenye nyumba, akamwita bwana kwa neno moja la Kiganda alilookota mtaani.

"Sebo, nipe kipande kidogo tu, kule nyuma ya jiko. Njia ikifunguka tutamutoa, tutamupeleka nyumbani."

"Mama, pole sana. Mzee alikuwa mtu yangu kabisa. Lakini kaburi, hapana. Kaburi haiondoki. Kesho watoto yako watasema hii shamba ni ya baba yao."

Alilisema kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma. Sanda alitoa yeye, gari la kumbeba alitoa yeye, na machozi pia alitoa. Angetutukana ningemchukia vizuri, nikamaliza.

Tukamzika kwenye makaburi ya jiji, kule wanakopelekwa watu waliookotwa barabarani. Tuliweka msalaba wa mbao. Tuliporudi kupalilia haukuwapo. Watu walikuwa wameufanya kuni, na makaburi mapya yalikuwa yamejazana kila upande. Mama alizunguka kwenye vichuguu vile vya udongo akiinama hapa, akiinama pale, mpaka nikamshika mkono nikamwambia basi, mama, twende.

Alibaki Kawempe, na ukeateka ukawa wake. Miaka ikapita, mwenye nyumba naye akafa, na kwa kuwa ardhi ni yake walimzika pale pale, nyuma ya jiko. Kaburi la saruji, lenye vigae vyeupe. Watoto wake wote wako ng'ambo. Walimpigia mama simu wakamwomba alitunze.

Safari moja nilikwenda kumwona, nikamkuta amepiga magoti anang'oa magugu, na vigae amekwisha kuvisugua vinang'aa. Hasira ikanipanda. Nikamwambia aache, hao wenyewe waje wamsafishe baba yao. Nikamuuliza kama amesahau kwamba mtu huyu alimnyima baba shimo, tena hapo hapo anaposugua sasa.

Hakuinua uso. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakikamua.

"Sijasahau," alisema. "Lakini mikono yangu inataka kaburi ya kutunza, mwanangu. Ya baba yako sijui iko wapi."