Majilio ya Kwanza ya Dorika

Dorika alikuwa hajazoea hata mafiga ya mama mkwe wake pale Ulemo, mumewe Simeoni alipochukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani ng'ambo, Bama. Wakabaki wanawake wawili, yeye na mama mkwe Elina, na ukungu uliopanda kila alfajiri kutoka mbuga ya Wembere ukaingia mpaka ndani, mweupe kama maziwa.

Kwao Dorika hawakuwa watu wa kanisa. Alibatizwa kabla ya kuolewa, na Krismasi aliijua; Majilio, zile Jumapili nne za kuingojea, hakuyajua. Jumapili moja akaona madhabahu imetandikwa kitambaa cha zambarau, na mwinjilisti Yeremia akazigawia nyumba njia ya kanisani, kila nyumba kipande chake, wakilime mpaka sikukuu. Ndiyo ilikuwa desturi yao.

Kulipokucha Elina akampa jembe.

"Mama, tunamlimia nani?"

"Anayekuja."

"Anakuja lini?"

"Tungeijua siku, tungelima mara moja tukapumzika."

Wakalima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na walipopapalilia leo, keshokutwa palikuwa kijani tena. Dorika aliinua jembe kama mtu aliye usingizini. Ndani ya ule ukungu aliona mabega ya Simeoni yakija, yakiyeyuka, yakija tena.

Asubuhi moja mabega hayakuyeyuka. Dorika akatupa jembe, akakimbia. Alikuwa Mselemu, mchuuzi wa chumvi kutoka Singida mjini, anasukuma baiskeli.

"Shikamoo mama," Mselemu akamwamkia Elina aliyekuwa nyuma.

"Marahaba, mwanangu."

"Njia imependeza. Anapita Bwana Shauri wa serikali?"

"Huyu ni Bwana mkubwa kuliko wako wa boma," Elina akasema, na mchuuzi akacheka, akaenda zake.

Dorika alikuwa ameketi kwenye majani mabichi, analia. Elina akaja, akaketi pembeni yake, magoti yakimlia kwa uzee.

"Hata mimi nilidhani ni yeye," akasema. "Kila mwaka huwa namngoja Mwokozi. Mwaka huu nikifumba macho niombe, namwona mwanangu. Sijui kama ni dhambi."

Dorika akamtazama. Miezi yote ile alidhani anangoja peke yake. Alimshika mkono mama mkwe akamwinua, wakamaliza kipande chao, na ukungu ulipoinuka waliona mbele yao majirani nao wameinama, nyumba baada ya nyumba, mpaka kanisani.

Krismasi ilifika, wakaimba, Simeoni hakuja. Majilio mengine yakaja, wakalima tena, na Dorika hakuuliza wanamlimia nani.

Simeoni alikuja baadaye sana, wakati wa kiangazi, vita vimekwisha. Hakuna aliyekuwa akimtazamia siku ile. Dorika alikuwa akipepeta mtama uani. Simeoni akamwamkia mama yake kwanza, kisha akamgeukia mkewe, akamtazama kwa muda mrefu.

"Umekonda," akasema.

Dorika akaweka ungo chini, akaenda kumchotea maji ya kunywa.