Vifaru wa Kinyozi

Jirani alipotundika televisheni kubwa ukutani mwa saluni yake, viti viwili vya kinyozi vilibaki kukaliwa na nzi. Kinyozi hakuwa na uwezo wa kununua televisheni. Alikuwa na kitabu: historia nene ya vita vikuu, yenye marais, majenerali na mataifa yaliyotafunana kama panya ndani ya gunia. Akakiegemeza kwenye kopo la poda, akawa ananyoa kidogo, anasoma kidogo, kwa sauti ya kufika barabarani.

Wateja wakarudi. Sura ilipokolea mashine ilizimwa, na mtu alikaa na nusu kichwa mpaka jenerali avuke mto.

Tatizo lilianza ukurasa wa arobaini. "Vifaru mia tatu vilivuka mpaka alfajiri." Kinyozi akakunja uso. Vilivuka? Mnyama huyo! Akamsahihisha mchapishaji papo hapo: "Vifaru mia tatu *walivuka*."

"Vifaru?" akauliza fundi viatu, povu hadi masikioni.

"Vifaru, kaka. Wamefunzwa tangu wakiwa ndama."

Wiki tatu nzima vifaru walipigana. Kitabu kiliposema vifaru viliishiwa mafuta, kinyozi alieleza kwa uchungu walivyokonda safarini, mbavu nje. Mmoja alizaa mapacha katikati ya mizinga. Fundi viatu alijifuta macho kwa taulo.

Jumamosi akaja mwalimu mstaafu wa historia kunyoa ndevu. Alivumilia kurasa mbili.

"We kijana! Kifaru hicho ni gari la chuma lenye mzinga! Unawalisha watu uongo!"

Kwa jirani, televisheni ilishangilia bao. Kinyozi akakitazama kitabu. Jana tu alisoma habari za rais aliyeshindwa vita, akaendelea kulitangazia taifa ushindi mpaka adui akabisha hodi ikulu. Na kinyozi alimtukana rais huyo hadi mate yakamrukia mteja. Leo naye afuate nyayo zake? Akaweka wembe chini.

"Samahani, mwalimu. Na nyinyi ndugu zangu, sikujua. Nimewapotosha tangu ukurasa wa arobaini. Anayetaka kuhamia kwa jirani, mlango ule pale."

Hakuna aliyeinuka. Fundi viatu akajikuna shingo.

"Kaka, mimi nimekaa jeshini miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kukaza minyororo ya vifaru."

"Na machozi yale?"

"Kicheko! Mbavu ziliniuma wiki nzima."

"Tulijua wote," akadakia muuza magazeti aliyekuwa akingoja zamu. "Usituharibie, bwana. Vya chuma tunavisikia redioni kila siku, vinabomoa nyumba za watu. Hao wako angalau wanakula majani."

Kinyozi hakujua acheke au alie. Akauokota wembe.

Mwalimu akageuka kitini, nusu ya kidevu ikiwa bado nyeupe kwa povu.

"Hao mapacha," akauliza kwa sauti ya chini, "walipona?"