Kikombe ambacho Nsimire hakuonja

Asubuhi ya mwisho tulikuwa wazima wote wawili. Muke wangu Nsimire alipika uji wa mutama, akamimina kwenye kikombe changu cha bati, akaonja, akaniangalia ndani ya macho, ndipo akanipa. Akafunga kamba yake kwenye paji la uso, akabeba bidoni mugongoni kwenda ziwani kuchota maji. Kesho yake homa ikamulaza. Siku ya tano tulimuzika.

Kule kuonja na kuniangalia kulianza siku ya Mungu moja, mwaka wa sabini na tano. Naieleza kwa sababu watoto wanasema mama yao alikuwa mupole. Alikuwa mupole. Hakuwa hivyo tu.

Alizaliwa Kabare, upande wa Bukavu. Alipokuwa na miaka tisa, Wabeleji walimuchukua baba yake, Murhula, abebe mizigo ya askari waliokwenda kupigana na Wataliano kule Abisinia. Hakurudi. Hakuna aliyekuja kuwaambia kitu. Mama yake alimungoja misimu miwili ya maharage, kisha akaacha kumuwekea chakula.

Nilimuoa, tukahamia Goma, mutaa wa Majengo. Alipika kasiksi, pombe ya ndizi, na wanaume walikuja kuikunywa kwetu siku ya Mungu, misa ikiisha. Mukubwa wao alikuwa Buhendwa, sajini wa zamani aliyerudi Abisinia, mwenye medali mbili na tumbo kubwa. Wa pili Zihindula, karani wa forodha ya Bunagana. Yeye alizaliwa vita vikiwa karibu kwisha, lakini alivijua kuliko wote, maana alisoma gazeti.

Kikombe cha pili kikiisha, walianza. Nani alimushinda Hitler? Zihindula alisema Wamarekani, walikuwa na ndege na pesa. Buhendwa alisema Waingereza, maana alipanda lori lao siku mbili. Wa tatu, Harelimana muchinja ng'ombe, ambaye hajaona Murusi hata mumoja, alisema Warusi, kwa sababu ndio waliokufa wengi. Waliigawa dunia hivyo mpaka saa kumi, na kusimama kwenda kukojoa kuliwashinda.

Siku ile Buhendwa alikuja na karatasi ya kuandika majina. Ilikuwa miaka makumi tatu tangu vita viishe. Wazee wa vita wangepanga mustari mbele ya ofisi ya serikali, ile ya zone, na majina ya waliokufa Abisinia yangesomwa. Nsimire akaweka mutungi chini, akamuomba aandike la baba yake. Kitu hicho tu. Kaburi hakuwa nalo.

Buhendwa alicheka, akamuita raia, kama serikali ya siku zile ilivyotuamuru kuitana. "Sitoyene, mubeba mizigo si askari. Hakupiga hata risasi moja."

"Chakula chenu kilifika kwa miguu ya nani?"

"Punda pia walibeba. Tuandike na punda?"

Wote wakacheka. Mimi nilitazama chini.

Nsimire akaingia jikoni, akarudi na mutungi mupya. Kwetu anayetoa pombe anaonja kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Yeye alijaza vikombe vyote, akakaa kwenye kibao chake, mikono juu ya magoti. Hakuonja.

Zihindula akasema tumbo linamusumbua tangu jana. Harelimana akakumbuka mugonjwa wa kutembelea, lakini hakuondoka. Buhendwa akasogeza kikombe chake kwa kidole kimoja, kama mutu anayegusa nyoka ajue kama amekufa.

"Mama, haujaonja."

"Hiyo pia ni kazi ya punda, papa sajini. Wenye kushinda vita waanze."

Jua lilikuwa kali. Povu likashuka. Nzi wakaja, wao walikunywa bila kuuliza. Wale walioshika Berlini tangu saa sita walikaa midomo mikavu, wakitazama vikombe.

Mwishowe Buhendwa akatoa kalamu. Si haki iliyoandika jina lile, ni kiu. Nsimire hakujua kusoma. Akanipa karatasi mimi, niliyefundishwa herufi na katekista. Nikasoma polepole: Murhula. Ndipo akasimama, akaonja vikombe vyote, kimoja kimoja, nao wakakunywa kama ng'ombe waliotoka mbali.

Jina lilisomwa mbele ya ofisi ya zone. Aliposikia hakulia. Alirekebisha kitambaa chake, tukarudi.

Lakini ninayoyakumbuka ni maneno ya siku ile ya kasiksi, wageni walipokwisha kwenda. Mimi pia nilikuwa na kikombe. Nilikuwa nimeishi na yeye miaka makumi mbili na tatu, na kikombe changu kilikaa kimejaa kama vyao mpaka alipoonja. Alikuwa anaosha vyombo. Ili niseme kitu, nikamuuliza, yeye anaona nani alishinda ile vita. Alisema hivi:

"Sijui, muzee. Mimi nimeona tu wanaoogopa kikombe, na kati yao nimeona wewe."