Isale Bandani

Nimezunguka sana, Tunduma, Mwanza, Tanga, na kila nikirudi kwetu Rau, Uchaggani, namkuta dada yangu mkubwa ni yuleyule: balozi wa nyumba kumi, kanga kiunoni, anajua nyumba gani haijapika. Safari ile nilimkuta akihangaika na jirani yetu, fundi pikipiki.

Watu wa kwenye simu walimwahidi fundi kazi kusini. Kumbe walitaka mpiganaji wa kuvuka mto Ruvuma kwenda vitani. Aliwatoroka kabla ya mto, akaenda polisi mwenyewe, akahojiwa, akaachiwa. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amemwita kafiri baba yake mdogo, aliyemlea, tena msibani, mbele za watu. Mzee akaapa kijana huyo hatakanyaga tena kihambani kwake, kwenye nyumba na migomba yake. Na wale wa kusini walikuwa bado wanamwandikia: "Kwenu hawakutaki. Rudi."

"Tukichelewa sisi, hao hawachelewi," dada aliniambia.

Akamkatia fundi jani la isale, lile la kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga akiletewa isale na aliyemkosea, lazima amsikilize. Nilicheka. Mambo ya bunduki haya, unaleta jani?

Mzee hakucheka. Alipotuona watatu kwenye kona ya kwake, alitokomea migombani, maana jani asiloliona halimfungi. Siku mbili alitukwepa hivyo, mzee mzima anaruka mfereji.

Siku ya tatu dada hakwenda mlangoni. Alitukalisha kwenye banda la ng'ombe wa mzee.

"Sisi atatukimbia," alisema, akimwonyesha ng'ombe. "Huyu hawezi."

Jioni ng'ombe akaanza kulia, kiwele kimejaa. Mzee akatokea na ndoo, akasimama ghafla.

"Mama balozi, wewe ni mchawi."

"Shikamoo, baba. Ng'ombe anakusubiri."

Fundi alipiga magoti kwenye samadi, jani mikononi. "Baba, nilikutukana wewe uliyenilea. Nisamehe."

Ng'ombe akalia tena. Mzee akalichukua jani, akalichomeka kwenye paa la banda, akamsukumia fundi ndoo.

"Kamua. Vidole vyangu vinauma. Na hiyo simu mpe balozi."

Dada akaipokea, aipeleke polisi kesho yake. Haikupita hata dakika, ikalia mkononi mwake, ujumbe mwingine. Nilimtazama fundi. Hakuinua kichwa. Maziwa yalikuwa yanagonga ndoo, na mzee amemshikia ng'ombe kamba.