Umeme Hauna Mtani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda kana kwamba ni ya leo. Nilikuwa msichana kama wewe uliyeletwa kwangu kujifunza kazi, nimetoka chuo cha ufundi, nimekuja kufanya fildi kwenye kiwanda cha kubangua korosho huku Masasi. Kwetu ni Mkunya, kule juu Newala. Nilikuwa na bisibisi, testa ya kupimia umeme, na ovaroli ya kaka yangu iliyonizidi urefu. Nilidhani kitu cha kuogopwa kiwandani ni umeme peke yake. Watu sikuwaogopa.

Aliyenipokea alikuwa fundi mkuu, Baba Tecla, Mmakonde mwenzangu, mtu wa maneno machache. Alinipa kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Akanifundisha kwamba fundi akizima swichi kuu ili aingize mkono kwenye mashine, kibao kinatundikwa pale kwenye swichi, na wa kukiondoa ni yule yule aliyekitundika. Siku hizi ninyi mnapewa makufuli, kila mtu na ufunguo wake. Sisi tulikuwa na kibao, na imani kwamba watu watakiheshimu.

Mwingine ninayetaka umjue ni Mzee Saidi, Myao wa Chiungutwa, aliyekuwa akisimamia boila ya kuchemshia korosho. Myao na Mmakonde ni watani, hilo halihitaji mwalimu. Mtani atakuficha kiatu, atakula mihogo yako, atakusema mbele za watu, nawe huna ruhusa ya kununa. Na nikisema kweli, utani wa Mzee Saidi ndio ulionizuia nisikimbie zile siku za mwanzo, maana wanaume wengine walinitazama kama mzigo walioongezewa. Nikimwamkia asubuhi ananijibu marahaba, kisha ananiuliza, "Umeoga leo, mtani, au Newala maji bado mnayaona kwenye picha?" Nami nacheka. Nilimpenda mzee yule, na ndiyo maana hasira yangu haikupata pa kutulia.

Sasa asubuhi hiyo mnyororo wa ule mkanda unaopeleka korosho kwenye vikaushio ulinasa. Nilizima swichi kuu, nikatundika kibao. Baba Tecla akahakikisha mwenyewe kwamba umeme umekatika, akapiga goti, akaingiza mkono. Akanituma stoo nikamletee grisi.

Mzee Saidi akapita. Akaona kibao cha watani zake. Akakiondoa pale kwenye swichi, akaenda kukitundika kwenye mlango wa choo, na ndani ya choo alikuwamo mlinzi. Waliokuwa wanakunywa chai nje walicheka wakashikana mabega. Narudi na grisi yangu, nakiona kibao mlangoni pa choo, na kabla akili haijakaa sawa nikasikia mkanda unaanza kuzunguka. Msimamizi wa zamu alikuwa amekuta swichi imezimwa na haina kibao, akaiwasha. Yeye simlaumu mpaka kesho.

Ile sauti ya Baba Tecla sitakusimulia. Mnyororo ulichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia, mkono wa kazi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na wengi wetu tunaukariri msemo huu kwa raha, kama vile usaha ni wa jirani.

Tulipokwenda kumjulia hali wodini, Mzee Saidi naye alikuja, na kuku mkononi. Unajua desturi yetu, mtani haingii kwa mgonjwa na kilio. Akasimama miguuni pa kitanda akasema, "Mtani, Mungu kakupunguzia kazi ya kukata kucha." Watu wakacheka. Mama Tecla akacheka huku machozi yanamtoka, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Baba Tecla mwenyewe, na ile bandeji mkononi, akacheka.

Mimi nikasimama, nikasema, "Shikamoo, Mzee Saidi. Mimi sicheki. Kile kibao nilikitundika kwa ajili ya uhai wa mtu."

Shangazi mmoja akanivuta kitenge, akaniambia nimekosa adabu, kwamba mtani hakatazwi, tena mtani wa umri wa baba yangu. Mzee Saidi akamweka kuku chini, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona amekaa kwenye benchi, amejifunika kofia usoni, mabega yanamtikisika. Siku ile sikumhurumia. Leo namhurumia, kidogo.

Watu walipotoka nilimwomba radhi Baba Tecla, nikangoja anikaripie. Akanikaripia kweli, ila kwa lingine. "Usiniombe radhi," alisema. "Kabla hujaja, alishawahi kukificha kibao hicho hicho kwenye gunia la maganda. Nilikitafuta, nikakipata, nikacheka. Mtu mzima mimi, fundi mkuu, nikacheka. Hili ulilolisema leo lilikuwa langu kulisema siku ile. Wewe usingoje damu ndipo unune."

Hakushika bisibisi tena. Alirudi Newala kwenye mikorosho yake, na hata jembe lilimsumbua.

Na jana nimekuona, mwanangu. Kijana wa zamu kachomoa ufunguo wa kufuli lako mfukoni mwako, kaurusha juu, kaudaka, anakuita mtani njoo uchukue. Kufuli liko kwenye swichi, mwenzako yuko ndani ya mashine, nawe ukacheka, ukaenda zako kunywa chai. Mimi ndiye niliyemnyang'anya, na maneno niliyompa anayo mwenyewe. Najua kwa nini ulicheka. Mgeni, tena msichana, hutaki kuitwa mkali. Kuitwa mkali hakujamuua mtu.

Utani usiuache, ni mali yetu. Waibieni watani mihogo, waambieni ni wachafu, chekeni mpaka jioni. Lakini kwenye swichi hakuna mtani, hakuna shemeji, wala hakuna mzee wa kuonewa haya. Mtu akigusa kufuli lako mwamkie kwanza, shikamoo, kisha mwambie hapana. Na hapana hiyo iseme mara ya kwanza, wakati watu bado wanacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, ila mkuu akikosea nawe ukanyamaza kwa adabu, guu linaloweza kuvunjika ni la mtu mwingine kabisa.

Ufunguo wako huu hapa. Nenda, na Mungu akupe moyo wa kununiwa. Kila jioni akurudishe kwa mama yako na vidole vyako vyote, na hao watakaokununia, nao awarudishe na vyao.