Jina la Binamu

Saa nne asubuhi, Zarghuna ameshika kikombe cha chai ya kijani na hanywi. Mkono wa pili umekifunika kinasa sauti, kama vile mtu anayekinga mshumaa usizimwe na upepo.

Mbele yake ameketi Torgul, mkulima wa mahindi anayeburuta mguu mmoja. Pembeni, juu ya kitanda cha kamba, yuko Dakta Tobias, mtafiti kutoka Ulaya anayeandika kitabu kuhusu vita vya bonde hili, kaskazini ya Peshawar. Ameletwa na Zarghuna. Ndiyo kazi yake mama huyu: kuwatafutia waandishi na watafiti wa vita njia, mashahidi na maneno.

Torgul amekwisha kueleza jinsi kombora lilivyoangukia kinu cha unga. Limebaki swali la mwisho, na Zarghuna analiuliza kwa sauti ya chini.

"Tuandike jina gani? Lako halitoki hapa."

Torgul anatabasamu. "Andika Sherzaman."

Chai inamwagika kidogo kwenye vidole vya Zarghuna. Hafuti.

Tuelewane kabla hatujafika mbali: majina yote humu si yao, na kinu huenda kilikuwa daraja. Zarghuna ndiye aliyeng'ang'ania iwe hivyo, na ana sababu.

Ana miaka hamsini na minane, mjane, zamani mwalimu wa wasichana mpaka shule ilipofungwa. Kwa siku ya kazi hulipwa rupia elfu sita, na kuna miezi isiyo na siku hata moja.

"Mvi hizi ndizo kitambulisho changu," anasema. "Wanaume wananikubali kwenye ukumbi wao wa wageni, wanawake wananikubali jikoni. Mtafiti yeye wanamkubali akae tu, anyamaze, ale."

Miaka mitatu iliyopita alimleta mwandishi mwingine hapa kijijini. Shahidi siku hiyo alikuwa Sherzaman, binamu yake Torgul; baba zao walizaliwa tumbo moja. Katika bonde hili watoto wa ndugu wawili hushindana tangu wanatambaa: shamba, zamu ya maji, hata urefu wa kilemba.

Sherzaman aliambiwa achague jina lolote la kumficha. Hakufikiri. Akataja lile alilozoea kulitaja kwa matusi tangu utotoni.

"Alisema 'Torgul' haraka, kama anayetema kokwa," Zarghuna anakumbuka. "Nami nilikuwa mgeni, sikuuliza Torgul ni nani. Tangu siku ile nauliza."

Gazeti liliahidi kueleza kwamba majina yamebadilishwa. Sentensi hiyo ikakatwa ili tangazo la matrekta lipate nafasi. Wiki haikuisha, watu wenye bunduki wakamchukua Torgul. Wa upande gani? Muulize mwingine.

Zarghuna akabanwa pande zote. Akisema kweli, Torgul anatoka na Sherzaman anaingia. Akinyamaza, Torgul anakufia huko kwa maneno ambayo hakuyasema. Akaamua kumsumbua mhariri, asubuhi na jioni, mpaka mhariri akawa anamtambua kwa pumzi.

"Akaniambia, 'Mama, gazeti limeshatoka.' Nikamwambia, 'Naam, nalo limemwingiza mtu. Sasa andika kwamba jina lile ni la kubuni, naye atoke.'"

Masahihisho yakachapishwa, madogo kama lebo ya dawa. Wazee wa kijiji wakayabeba mpaka alikofungwa Torgul. Akarudi na mguu uliovunjika.

Hakuna aliyemwambia nani alilitaja jina lake. Jambo hilo likitamkwa mbele ya watu, heshima itamlazimisha kumwaga damu, atake asitake. Sherzaman ana watoto sita.

Sasa Dakta Tobias anainua kichwa. "Amesema jina gani?"

"Anauliza kama chai imekukolea," Zarghuna anatafsiri.

Dakta anaitikia kwa bidii kwamba imekolea.

"Shangazi, mbona umepauka?" Torgul anauliza, akimwita hivyo kwa heshima ya umri tu.

"Chai yako hiyo! Majani umeyachemsha tangu juzi, bahili mkubwa."

"Kwa hiyo jina nililolitaja hulitaki?"

"La binamu silitaki. Binamu yeyote, wa mtu yeyote. Nipe jina la asiyeweza kukamatwa."

Mama yake Torgul, anayechambua dengu mlangoni, anadakia bila kuinua macho. "Mwandike Badam. Punda wetu, Mungu amrehemu. Alikuwa na akili kumzidi huyu."

Zarghuna anaandika Badam. Halafu ndipo anapokunywa chai.

Dakta anatangulia garini. Torgul anamsindikiza Zarghuna hadi langoni, mguu ukichora mstari vumbini. Ng'ambo ya mfereji Sherzaman ameinama, anafungulia mahindi yake maji. Torgul anamtazama kwa muda mrefu, mkono kiunoni, mahali ambapo wanaume wa hapa huchomeka bastola.

"Anajua kwamba najua?" anauliza polepole.

"Nani?" anasema Zarghuna, kwa uso wa mtu anayeulizwa bei ya vitunguu.

Torgul anamkodolea macho. Zarghuna hapepesi. Mkono unashuka kutoka kiunoni; ulikuwa unatafuta tasbihi tu.

"Vizuri, shangazi," anasema. "Endelea hivyo hivyo."

Garini, Dakta anataka kujua walikuwa wakizungumza nini.

"Anasema karibu tena."

Zarghuna amekwisha kupata chumba mjini Peshawar, nyuma ya duka la fundi cherehani. Anataka kuwafundisha kazi hii wasichana wanaojua lugha za kigeni, kabla magoti yake hayajagoma.

"Somo la kwanza ni kuuliza, 'Huyo uliyemtaja ni nani?'" anasema, akifunga kinasa sauti ndani ya shali. "La pili ni gumu zaidi. Ni kujibu 'Nani?' siku wakikuuliza wewe."